Wanunuzi watatu, debe moja

Nimerudi mjini. Nilikuwa Kongwa wiki nzima kwa mjomba wangu, nimerudi na vumbi masikioni na hasira kifuani. Vumbi limetoka kwa maji. Hasira nimeona niimwage hapa, maana wengi wenu mnaosoma hapa mmesoma uchumi au sheria, na leo ugomvi wangu ni na nyie.

Mjomba amevuna mahindi. Mwaka huu mvua haikumnyima, naye alikuwa amepanga kuuza magunia ishirini, alipe deni, apeleke mtoto shule, abaki na ya kula. Kijijini kwake walikuja wanunuzi watatu. Ukiwa mwanafunzi wa uchumi hapo unafurahi: wanunuzi watatu, muuzaji achague, bei ipande. Mimi pia nilifurahi. Nikamwambia mjomba asikimbilie wa kwanza, awasikilize wote. Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto aliyerudi kutoka mjini.

Wa kwanza alitaja elfu hamsini kwa gunia. Wa pili elfu hamsini. Wa tatu akasema hamsini, akaongeza na soda kwa mtoto. Nikasema basi, labda ndiyo bei ya soko. Ilipofika kupima ndipo nikaona. Mnunuzi wa kwanza alipomaliza kwa jirani, kijana wake alichukua debe akampelekea wa pili. Wa pili alipomaliza, debe likaja kwa wa tatu, na ndiye aliyekuja kupima kwa mjomba. Wanunuzi watatu, debe moja! Na debe lenyewe ni ile ndoo ya plastiki ya lita ishirini, mdomo umetanuliwa kwa moto hadi umekuwa kama beseni. Halijazwi usawa wa mdomo, linajazwa hadi mahindi yasimame juu kama kichuguu, na yanayomwagika pembeni hayahesabiki. Gunia ni debe sita, kila mtu anajua. Pale gunia lilikuwa debe saba, na juu likashonewa kipande cha gunia jingine ili lifunge. Ndiyo lumbesa hiyo.

Kwa ubishi wangu nikaomba gunia moja likapimwe kwenye mizani ya mashine ya kusaga. Kilo 128. Mpigie hesabu mjomba: magunia ishirini ni kilo 2,560. Amelipwa milioni moja kwa magunia ishirini, kana kwamba ametoa kilo 2,000. Kilo 560 zimekwenda bure, yaani magunia matano na nusu ya halali. Kwa kilo amepata kama shilingi 390. Siku hiyo hiyo nikampigia mtu Kibaigwa, akaniambia bei ya pale kwa kilo ni zaidi ya hapo kwa mia moja na ushee. Nilipomwambia mjomba, alijibu kwa upole kabisa: "Najua, mwanangu. Sasa nitayabeba mgongoni?"

Niliporudi Dodoma nikapeleka kesi hii kijiweni. Kuna rafiki yangu alisoma uchumi UDOM, kijana mwerevu, tunapendana. Akanisikiliza hadi mwisho, akaniambia hakuna tatizo lolote pale. Kwanza, mjomba hakulazimishwa, angekataa. Pili, kama kila mtu anajua kuwa gunia la kijijini ni debe saba, basi bei ya gunia imeshajirekebisha yenyewe. Ukipiga marufuku lumbesa, mnunuzi atashusha bei ya gunia na mkulima atabaki palepale. Tatu, mnunuzi ana gharama za gari, barabara mbovu na mahindi yenye unyevu. Mwisho akasema neno ambalo ndilo lililonifanya nikae niandike: "Sheria ikiingia sokoni, ushindani unatoka."

Nimjibu kwa heshima, kwa sababu hoja yake ya pili si ya kijinga. Ni kweli jina la kipimo peke yake halimwibii mtu. Wote wawili wakijua gunia hili lina kilo 128, watapatana bei ya kilo 128 na maisha yataendelea. Lakini mjomba hakujua. Alijua gunia ni kubwa; ukubwa wake hakuujua, kwa kuwa linabadilika kila debe linapojazwa, kila kijana anapokazia kwa mguu. Mahindi yake ya mwaka jana aliyauza kwa debe jingine. Redio ikitangaza bei ya Dar es Salaam kwa kilo, yeye ataigeuzaje iwe bei ya kichuguu? Wanunuzi wawili hawawezi kushindania kitu ambacho muuzaji hawezi kukilinganisha. Mmoja akitaja elfu hamsini na mbili na mwenzake hamsini, mjomba atajuaje nani mkubwa kama ndoo si moja? Na pale ndoo ilikuwa moja, ambalo ni jambo baya zaidi, nitalirudia.

Hoja ya kwanza, kwamba angekataa. Februari, palizi lilipomzidi, mjomba alichukua shilingi laki moja na nusu kwa wakala wa mmoja wa wale watatu. Huku tunaita kuuza yakiwa shambani. Hakuna mkataba na hakuna riba inayotajwa. Riba iko ndani ya debe. Kwa hiyo yule aliyemdai ndiye pekee aliyekuwa na haki ya kununua, wale wengine wawili walikuja kama mashahidi wa harusi. Ongeza kwamba Kibaigwa iko mbali, fuso haliji kwa magunia ishirini, na ada ya shule haisubiri bei ipande Desemba. Mtu wa namna hiyo unamwambia yuko huru kukataa? Mwaka 1933 mama mmoja mchumi wa Cambridge, Joan Robinson, aliandika kitabu kilicholieneza jina la hali hii, monopsoni: upande wa kununua kuna mtu mmoja, naye ndiye anayeamua. Tukiimba ushindani sisi huwa tunafikiria wauzaji tu, sukari nani anauza, saruji nani anauza. Kununua nako kuna ushindani, na kwenye nchi ambayo wengi ni wakulima, huko ndiko unakokufa kimyakimya.

Sasa tuje kwenye sheria, maana rafiki yangu anadhani sheria ni mgeni sokoni.

Lumbesa haipo kwa sababu wanunuzi wana roho mbaya. Ipo kwa sababu inalipa, na wanaoifanya ilipe ni watunga sheria na watoza ushuru. Angalia. Halmashauri inatoza ushuru wa mazao. Sheria inasema ni asilimia ya thamani. Hadi 2017 ilikuwa asilimia tano, mwaka huo Bunge likaishusha hadi tatu kwa mazao ya biashara na mbili kwa mazao ya chakula. Vizuri. Lakini nenda kasimame kwenye geti la ushuru uangalie wanavyotoza. Wanahesabu magunia! Nani ana muda wa kupiga asilimia saa nane usiku? Gunia la kilo 100 na gunia la kilo 130 yanalipa sawa. Makuli wanaopakia wanalipwa kwa gunia, gari linakodiwa kwa gunia, walinzi wa ghala kwa gunia. Ukiwa mfanyabiashara mwenye akili timamu utafanyaje? Utatafuta gunia kubwa kuliko yote linaloweza kusimama. Ushuru wenyewe ndio unaoshona lumbesa.

Halafu kilomita chache mbele kuna sheria nyingine, Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inayosema gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo anasimamisha gari na kutoza faini. Mkono mmoja wa Serikali unamlipa mtu ajaze, mkono wa pili unampiga kwa kujaza. Faini ikipigwa unadhani inatoka mfukoni mwa nani? Safari ijayo inakatwa kwenye bei ya mkulima, inaitwa "gharama za njiani". Kila mwaka tunasikia kampeni ya kutokomeza lumbesa, mkuu wa wilaya huyu kaagiza, waziri yule kakemea, wakulima wa vitunguu Singida wameelimishwa wasikubali. Mkulima mmoja asiyekubali anaachiwa vitunguu vyake viote, gari linahamia kwa jirani. Unawezaje kumwelimisha mtu asikubali kitu ambacho akikikataa peke yake anakufa njaa?

Hapa ndipo narudi kwenye lile debe moja. Tuna Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya 2003. Ilikuja kuchukua nafasi ya ile ya 1994, na Tume ya Ushindani ikaanza kazi 2007. Ni sheria nzuri, isomeni. Kifungu cha 9 kinakataza washindani kupatana bei. Mapatano yenyewe hayahitaji karatasi wala muhuri, kuelewana tu kunatosha. Faini yake si ya kitoto: sheria ilipotungwa iliweka kati ya asilimia tano na kumi ya mapato ya mwaka. Kuna kifungu cha 5 pia ambacho watu wanakiruka wakikimbilia asilimia. Kinasema soko ni soko la Tanzania au la sehemu ya Tanzania. Sehemu! Haikusema sehemu iwe na ukubwa gani. Zoissa ni sehemu ya Tanzania. Mkoka ni sehemu ya Tanzania. Pwaga kule Mpwapwa ni sehemu ya Tanzania. Kama mkulima wa kijiji fulani hana namna ya kufika kwa mnunuzi mwingine, basi kijiji kile ndicho soko, na wanunuzi watatu wanaozungusha ndoo moja na kutaja bei moja wanastahili kuulizwa maswali na mtu mwenye kitambulisho cha Tume.

Tunajua meno ya sheria hii yapo, tumeyaona kwenye saruji. Mwaka 2022 Tume iliridhia Scancem, kampuni ya kundi la Heidelberg lenye Twiga Cement, inunue hisa za Tanga Cement. Chalinze Cement na chama kimoja cha kutetea walaji wakakata rufaa, na Septemba 2022 Baraza la Ushindani likautengua ule uamuzi: mkiungana, fungu lenu la soko linavuka asilimia 35. Nchi nzima ikawa inazungumza asilimia 35, hadi wauza chipsi. Baadaye mambo yakageuka, maombi yakarudi, Tume ikaridhia tena, ununuzi ukakamilika 2023, na 2024 hisa zile zikaenda kwa Amsons. Sina nia ya kufufua mjadala ule leo, una wenyewe. Ninachosema ni kwamba mawakili walipanda na kushuka, vitabu vikafunguliwa, mtu akabishana kuhusu maana ya neno "soko" mbele ya jaji. Kwa saruji. Kwa mahindi ya mjomba nani amebishana na nani kuhusu maana ya neno "gunia"?

Utaniambia wale wanunuzi watatu ni watu wadogo, wana fuso la kukodi na simu mbili, Tume itawafuata hadi lini? Kweli ni wadogo. Wadogo ukiwaweka Dar es Salaam. Kijijini, mwezi wa sita, mwenye milioni tano taslimu ni mkubwa kuliko kiwanda.

Wazee wetu wanaosema heri zamani nao niwaguse kidogo. Zamani tulikuwa na mnunuzi mmoja kwa mujibu wa sheria. Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, lilikuwa ndilo mnunuzi wa nafaka. Vyama vya ushirika vilivunjwa 1976, Tume ya Bei ilikuwepo tangu 1973 ikipanga bei, na mkulima akisubiri malipo. Mahindi yakatafuta njia za panya, ukaja msako wa walanguzi wa 1983, watu wakatupa sabuni na vitenge maporini. Sokoine, aliyeuongoza msako ule, alifariki Aprili 12, 1984 pale Dakawa, akitoka Bungeni Dodoma, barabara hii hii inayopita Kibaigwa. Baada ya hapo milango ikaanza kufunguliwa pole pole, na NMC likafifia hadi likafa. Sitaki kurudi huko. Mtu anayesema dawa ya lumbesa ni Serikali ipange bei au inunue yenyewe yote, amesahau au hakuwepo. Mwaka 2017 tuliona kionjo: Juni Serikali ilipiga marufuku kupeleka mahindi nje, na kwa amri moja Mkenya akaondolewa kwenye orodha ya wanunuzi. Bei ikaanguka. Wale waliobaki walihitaji hata kukutana wapange? Amri ilishawapangia.

Kwa hiyo si kila sheria inaleta ushindani, hapo nakubaliana na rafiki yangu. Tunapoachana ni pale anapodhani ukiondoa sheria kinachobaki ni ushindani. Kinachobaki ni debe la mwenye nguvu. Soko huria lina vitu vya msingi ambavyo hakuna mfanyabiashara mmoja mmoja atakayevileta kwa hiari: kilo iwe kilo kwa wote, bei itajwe hadharani, mwenye ghala asiwe mfalme. Wamarekani, ambao tunawaiga kila kitu, walianzia hapo hapo. Chicago ya karne ya 19 nafaka yote ya magharibi ilipitia kwenye maghala 14 yaliyoshikwa na kampuni tisa, na wenyewe walikuwa wakipatana ada. Wakulima wakapiga kelele hadi jimbo la Illinois likatunga sheria mwaka 1871 kuweka kikomo, na 1877, katika kesi ya Munn, Mahakama Kuu ya Marekani ikasema jimbo lina haki hiyo, kwani mwenye biashara ambayo umma wote hauna budi kuipitia hawezi kudai ni mambo yake ya nyumbani. Sheria yao maarufu ya kuzuia makampuni kuhodhi soko ilikuja 1890, miaka 13 baadaye. Yaani kabla ya mafuta na chuma kulikuwa na mahindi na ngano. Sisi tumeichukua sheria kutoka mwisho wake, kwenye viwanda, mwanzo wake tumeuacha kijijini.

Na wala hatuhitaji kwenda Chicago. Kibaigwa ipo. Soko lile lilifunguliwa 2004, liko barabarani, wanunuzi wanatoka Dar es Salaam hadi nje ya nchi, na mahindi yanapimwa kwenye mizani. Si peponi pale. Madalali wapo, makuli wapo, ushuru upo, ukilala unalizwa. Lakini bei inatajwa kwa kilo na muuzaji anaweza kutembea hatua ishirini kuuliza kwingine. Hicho tu. Hatua ishirini za mkulima wa Kibaigwa ni sawa na siku nzima ya mjomba wangu kwenye pikipiki, bila mahindi.

Basi tufanye nini? Mimi si mbunge, ila wabunge wanakaa hapa hapa mjini kwetu, wanakula nyama choma ile ile tunayokula, hivyo watanisikia. Ushuru wa mazao utozwe kwa kilo getini, mizani iwe pale pale kwenye kizuizi, na mtoza ushuru asiruhusiwe kuandika neno gunia kwenye risiti. Siku ushuru utakapokuwa wa kilo, nusu ya faida ya lumbesa itakuwa imekufa bila askari hata mmoja. Kila kijiji kinachouza nafaka kiwe na mizani ya serikali ya kijiji, imekaguliwa, na mauzo ya kibiashara yapite juu yake. Halmashauri zinazokula ushuru huu miaka yote haziwezi kuniambia hazina pesa ya mizani. Stakabadhi ghalani, ambayo sheria yake tunayo tangu 2005, ingemsaidia mjomba kuweka mahindi ghalani na kukopa kwa stakabadhi badala ya kukopa kwa wakala Februari. Ila iwe hiari. Ikishakuwa amri kwamba lazima upitie ghala hili na mnada huu, na malipo yanachelewa, tutakuwa tumemrudishia mkulima NMC yenye kompyuta.

Na Tume ifungue jalada moja. Moja tu, kijiji kimoja, msimu mmoja. Watume vijana wawili mwezi wa sita, wakae kwenye kivuli cha mbuyu na daftari, waandike nani alitaja bei gani na debe lilitoka kwa nani likaenda kwa nani. Kesi ile haitakuwa na mamilioni ya saruji. Lakini wanunuzi wa Kongwa, Mpwapwa na Singida wataisikia kwa wiki moja, kwa zile zile simu mbili wanazopangia bei.

Rafiki yangu amesoma rasimu ya makala hii. Amekubali la ushuru, la mizani anasema ni gharama, la Tume anasema nimechanganyikiwa kwa jua la Kongwa. Kwamba huwezi kuthibitisha mapatano kwa ndoo. Watatu kutaja bei moja inaweza kuwa kwa sababu wote wanauza kwa tajiri mmoja Dar, na kuazimana ndoo ni ujirani. Inawezekana. Wanasheria mnaosoma hapa, hili ni lenu: bei ile ile, ndoo ile ile iliyotanuliwa, na wanunuzi wawili wanaokaa pembeni kwa mwenye deni na mwenzao. Inatosha kwa kifungu cha 9, au tunahitaji nini zaidi? Msimu wa vitunguu Singida nitakwenda, na safari hii ninabeba mizani yangu.